Intaneti ya Zamani: Tunayoambiwa na Yaliyokuwepo

Dhana: Intaneti ilifika Kenya mwaka 2009, nyaya za baharini zilipotia nanga Mombasa.

Hili nalisikia hata kwa vijana wanaojipatia riziki kwa kompyuta hapa Nairobi, na linaniuma kila mara. Nyaya hizo, TEAMS na SEACOM, zilileta kasi na kuteremsha bei. Lakini Africa Online, kampuni ya huduma za intaneti, ilianzishwa 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, na kufikia katikati ya miaka ya tisini mtu wa Nairobi mwenye laini ya simu na modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini hiyo, aliweza kuingia mtandaoni. Njia ndiyo iliyokuwa ndefu. Barua pepe iliyotoka kwa mtu wa Westlands kwenda kwa mtu wa Upper Hill, humu humu Nairobi, kama wawili hao walitumia watoa huduma tofauti wa intaneti, ilipanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu yetu, ikashukia ng'ambo, kisha ikarudi kwa safari kama hiyo hiyo. Kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, KIXP, kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, kikafungwa baada ya wiki chache, kikafunguliwa tena 2002.

Dhana: AOL na CompuServe, kampuni za Marekani za huduma za mtandaoni, ndizo zilizokuwa intaneti ya kwanza ya watu wa kawaida.

Mwanzoni zilikuwa nyua zenye kuta. Uliingia kwa programu ya kampuni, ukasoma habari za kampuni, ukaongea na wateja wenzako, na saa ikikuhesabia dola. AOL ilianza kutoza bei moja ya mwezi, dola 19.95, mwishoni mwa 1996. Wakati huo wavuti wa Tim Berners-Lee, aliyeubuni, ulikuwa wazi kwa yeyote, kwa kuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia alikofanya kazi, iliiachia dunia programu yake bure Aprili 1993.

Dhana: Kampuni ya Netscape ilishindwa kwa sababu kivinjari chake, programu ya kufungulia kurasa za wavuti, kilikuwa kibovu.

Kivinjari hicho, Navigator, kilikuwa kikiuzwa kwa makampuni. Internet Explorer ya Microsoft, iliyotoka 1995 na kujengwa juu ya kivinjari cha awali, Mosaic, kwa leseni ya kampuni ya Spyglass, ilitolewa bure, na baadaye ikaja ndani ya Windows yenyewe. Ni vigumu kumuuzia mtu maji mlangoni mwa kisima cha bure.

Dhana: Programu za barua pepe za kwenye kompyuta, kama Eudora, zilikuwa za kizamani tu; barua pepe ya kwenye wavuti ilizishinda kwa kila kitu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Modemu ya kasi ya kilobiti 28.8 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja) ilivuta, kwa hesabu ya juu kabisa, kilobaiti 3.6 kwa sekunde. Barua ya kurasa mbili ilipita ndani ya sekunde mbili. Picha moja ya kilobaiti 100 ilikula karibu nusu dakika. Eudora, aliyoiandika Steve Dorner kuanzia 1988, iliiheshimu laini ya simu: unaunganisha, unavuta barua zote, unakata. Unasoma na kujibu taratibu, kisha unaunganisha tena kutuma. Hotmail, barua pepe ya kwenye wavuti iliyoanza 1996, ilitaka laini iwe wazi muda wote unaofikiri. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani asiye na kompyuta aliweza kufungua barua zake popote. Bila hiyo, saiba za mjini, vibanda vya kukodisha intaneti, zisingejaa vile. Lakini gharama ya kufikiri ilihamia kwa mteja.

Niliiona nikihudumu kwenye saiba karibu na Tom Mboya Street, shilingi moja kwa dakika. Mama mmoja alikuwa akimwandikia mwanawe aliyekuwa ng'ambo, kwa kidole kimoja, dakika arobaini na kitu. Akabonyeza kutuma. Ukurasa ukamrudisha kwenye nenosiri. Muda ulikuwa umekwisha na barua yote imepotea. Alibaki ameshika ukingo wa meza.

"Kijana wangu, imeenda wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimfungulia Notepad, programu ya kuandikia isiyohitaji intaneti, nikamwambia, "Mama, andika huku kwanza. Hapa hakuna kinachokukimbiza. Ukimaliza tutainakili." Dakika hizo sikumtoza.

Wiki iliyofuata alikuja na disketi ameifunga ndani ya leso. Barua alikwisha kuiandika kwenye kompyuta ya ofisini kwa dada yake. Tulifungua, tukanakili, tukatuma. Shilingi nne.