Sokwe hutarajia malipo ya kazi yake

Wanapotajwa sokwe wa Kisiwa cha Rubondo, ambao mababu zao waliachiwa huko kati ya mwaka 1966 na 1969, hapa Mwanza husikika dai la siku nyingi kwamba mnyama huyu huiga tu na kunyakua kilicho mbele ya macho yake. Dai hilo si sahihi.

Mwaka 1936, nchini Marekani, mtafiti John Wolfe alichapisha majaribio ambamo sokwe walifanya kazi ili wapate sarafu za bandia, kisha wakazitumbukiza katika mashine iliyotoa zabibu: sarafu ya bluu ilileta zabibu mbili, nyeupe ilileta moja, na ya shaba haikuleta kitu. Walipokwisha kujifunza, waliipendelea ya bluu. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito, kwa kuwa sarafu hailiki wala haina harufu ya tunda, na anayeichagua anaongozwa na kile anachotazamia kupata baadaye. Tena walikubali kukusanya sarafu kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuzibadilisha, jambo ambalo mwigaji mtupu asingekuwa na sababu ya kulifanya.