Ada ya maegesho bustanini: kinacholipiwa ni gari, si miguu yako

Tangu mabango ya ada yasimamishwe kwenye maegesho ya bustani kuu ya jiji, dawati la malalamiko la kitengo chetu cha maegesho halijapumua. Barua nyingi zina hoja moja: bustani ni ya umma, tumeshailipia kwa kodi, sasa mnatutoza mara ya pili. Tunaamini wanaoandika hivyo wanaipenda bustani yao. Ila hoja yenyewe imebisha hodi mlango usio wake. Kuingia bustanini ni bure leo kama ilivyokuwa jana. Anayekuja kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi haulizwi chochote. Kinachotozwa ni gari kukaa.

Na gari likikaa halikai padogo. Kisanduku kimoja cha kuegesha kina takriban mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kupita na ya kugeuzia, kila gari linakula kati ya mita za mraba 25 na 30. Magari 250 tu yanatandaza eneo la uwanja mzima wa mpira wa miguu, ule wa mita 105 kwa 68. Eneo hilo lilisawazishwa, likamwagwa lami, likachimbiwa mifereji na kuwekewa taa, na mashimo yake hayaishi kuzibwa. Hayo mliyoyaita maegesho ya bure yalikuwa yakilipiwa na watu wote, pamoja na yule ambaye hajawahi kumiliki hata tairi.

Wakaguzi wetu wana namna yao ya kulitambua gari lililolala. Siku ya mvua ya alfajiri, huinama na kutazama chini yake: pakiwa pakavu, limefika kabla ya mvua na halijasogea. Siku za jua hutazama kioo cha mbele, majani mangapi yametua. Magari ya namna hii aghalabu hayana mwenyewe bustanini. Mwenyewe ameliacha karibu na lango asubuhi na mapema, akavuka barabara kwenda kazini. Mchana anakuja mama na kigari cha mtoto, anazunguka mara tatu, anaondoka. Nafasi iliyokaliwa kwa muda wa saa nane imemhudumia mtu mmoja. Nafasi hiyohiyo, magari yakipokezana kila baada ya saa mbili, ingehudumia familia nne.

Tatizo hili si geni wala hatukulibuni sisi ili tupate kisingizio cha kutoza. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani mashine ya kulipia muda wa gari kukaa, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, kwa ada ya senti 5 kwa saa, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wakijaza mitaa ya katikati ya mji tangu asubuhi na wateja wa maduka wakikosa pa kusimama. Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi kueleza kwamba bei sahihi ni ile ya chini kabisa inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila eneo, yaani maegesho yajae kwa kama asilimia 85. Jiji la San Francisco lilianza mwaka 2011 kujaribu mfumo wa aina hiyo kwa vihisi, yaani vifaa vinavyotambua kama nafasi ina gari: bei ilipandishwa palipojaa na kushushwa palipokuwa patupu. Ilishushwa, ndiyo. Watu hupenda kuiruka sehemu hiyo.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo faini nyingi zinapozaliwa. Soma bango la eneo ulilosimama, si la eneo ulilopita njiani. Kila eneo lina namba yake na malipo ya eneo moja hayahamii jingine. Ingiza namba ya gari, namba ya eneo na muda, lipa, kisha subiri uthibitisho kabla hujaondoka. Mkaguzi hatafuti karatasi kwenye dashibodi. Kifaa chake kinasoma namba ya gari na kuilinganisha na malipo. Ukimaliza mapema, muda uliobaki si wa kumgawia mwenzako, kwani umefungwa kwenye namba yako. Dakika chache za hisani unapofika ni za kusoma bango na kulipa. Si za kumfuata mtoto kwenye bembea.

Gari lisilo na malipo hupigwa picha yenye saa na mahali, na notisi hubandikwa kiooni. Upepo ukiipeperusha, notisi haifutiki: kumbukumbu ipo na mmiliki aliyesajiliwa ataandikiwa. Baada ya hapo una njia mbili, kulipa au kuweka pingamizi ndani ya muda ulioandikwa kwenye notisi. Usifanye yote mawili, kwani aliyelipa huhesabiwa amekubali kosa. Pingamizi likipokelewa kwa wakati, faini haiongezeki hadi lijibiwe. Ukinyamaza, inaongezeka, na notisi zikirundikana gari linaweza kufungwa gurudumu au kuvutwa. Gharama ya kulivuta na ya kulihifadhi kila siku ni ya mmiliki, juu ya faini zenyewe.

Yapo majibu ambayo wakaguzi wameyasikia mpaka wanayakariri. “Nilikuwa ndani ya gari.” Kukaa ndani hakubadilishi kwamba gari limesimama. “Niliwasha taa za tahadhari.” Taa za tahadhari si kibali. “Ni dakika mbili tu,” huku amesimama kwenye nafasi ya watu wenye ulemavu. Hilo naomba nisilijibu.

Yapo pia malalamiko ya haki. Wakaaji wa mitaa inayopakana na bustani wanasema magari yanayokwepa ada sasa yanajazana mbele ya mageti yao. Ni kweli, hutokea kila ada inapoanza, na dawa yake ni vibali vya wakaaji, ambavyo ilifaa vitangulie mabango. Familia zisizofikiwa na basi zinauliza kuhusu punguzo. Siwezi kulisemea hilo kabla halijapitishwa. Kuhusu mapato, bajeti si ya kitengo changu. Nikiulizwa, ningetaka yarudi bustanini yaonekane: vyoo, taa, vivuli vya vituo vya basi.

Jambo la mwisho, kwa sababu wiki hii pekee limeturudishia rundo la pingamizi. Unapoingiza namba ya gari, herufi O si sifuri, na herufi I si moja. Ukikosea, umelilipia gari la mtu mwingine. Usifute ujumbe wa malipo. Uambatanishe na pingamizi pamoja na picha ya namba ya gari lako, nasi tutalishughulikia.