Si Kila Kipele ni Mzio: Dhana Potofu Kuhusu Kuondoa Nywele za Mgongoni kwa Nta

"Nina mzio na nta yenu." Kauli hii humfikia kila anayefanya kazi ya kuondoa nywele za mgongoni, na aghalabu huja pamoja na picha ya mgongo uliojaa vipele. Mteja hasemi vipele vilianza lini, kama vinawasha au vinauma, wala alifanya nini jioni ile baada ya kuondoka, hukumu ameshaitoa. Kinachoudhi zaidi ni kwamba wapo wahudumu wanaoipokea hukumu hiyo bila kuhoji, wakabadilisha nta na kununua krimu nyingine, kisha baada ya mwezi vipele vikarudi vilevile kwa kuwa chanzo chake hakikuguswa.

Mzio wa nta upo, na sina sababu ya kuukana. Nta nyingi laini hutengenezwa kwa utomvu wa msonobari uitwao kolofoni, ambao ni miongoni mwa vitu vinavyofahamika kwa kusababisha mzio wa ngozi. Utomvu huohuo hupatikana katika gundi ya baadhi ya plasta za vidonda, na ndiyo maana mteja mpya huulizwa kama plasta iliwahi kumwachia alama inayowasha yenye umbo la plasta yenyewe. Mzio wa namna hii kwa kawaida hujitokeza siku 1 hadi 3 baada ya ngozi kuguswa, huwasha kupita kiasi, na hutanda eneo lote lililopakwa, mipaka yake ikifuata pale nta ilipoishia. Mgongo wenye vipele vilivyotengana, kila kimoja kikiwa kimekaa juu ya kitundu chake cha unywele, una tatizo jingine, na swali la kwanza la kuuliza ni muda.

Vipele vinavyotokea ndani ya dakika chache, mteja akiwa bado hajavaa shati, ni mwitikio wa ngozi kwa kung'olewa nywele: histamini, kemikali ya mwili inayoleta uvimbe na mwasho, humwagika, kila kitundu huvimba kidogo, na mgongo huonekana kama wa kuku aliyenyonyolewa. Hali hiyo hutulia yenyewe katika saa chache au kufikia kesho yake, na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kinatosha kuisaidia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani waziwazi, hivyo mhudumu na atumie kiganja kuhisi joto na uvimbe badala ya kutegemea macho peke yake.

Vipele vyenye usaha vinavyochomoza siku ya pili au ya tatu ni uambukizo wa vitundu vya nywele, mara nyingi kutokana na Staphylococcus aureus, bakteria ambaye watu wengi huishi naye puani na kwenye ngozi bila kudhurika mpaka apate upenyo. Kung'oa nywele za mgongo mzima ni kufungua upenyo mwingi kwa wakati mmoja. Hapa ndipo subira yangu inapokwisha, maana mteja aliyeelezwa vizuri kabisa hutoka kitandani akaenda moja kwa moja kwenye mazoezi, akavaa fulana ya kubana isiyopitisha hewa, akabeba mkoba mgongoni, akatokwa jasho saa nzima, kisha akaoga maji ya moto na kujisugua kwa dodoki. Vipele vinapotokea, lawama inaiangukia nta. Kwa saa 24 hadi 48 mgongo hauhitaji mazoezi, mvuke, bwawa la kuogelea, jua kali wala mafuta mazito ya kuchulia. Unahitaji shati la pamba lililolegea na shuka safi. Mkoba nautaja peke yake kwa sababu wateja huusahau, ingawa mara nyingi vipele hupangika palepale mikanda yake ilipopita. Usaha ukizidi, maumivu yakiongezeka au homa ikianza, mteja aende kwa daktari.

Vipele vinavyokuja baada ya wiki mbili au tatu ni nywele zilizojikunja na kuota ndani ya ngozi, na kwa hivi mhudumu hana budi kujitazama mwenyewe kabla ya kumtazama mteja. Ni kweli kwamba wenye nywele za kipilipili huwa katika hatari zaidi, lakini unywele uliokatikia chini ya ngozi huizidisha hatari hiyo, na hukatika kwa sababu kitambaa kinachobandikwa juu ya nta ili kuing'oa kilivutwa vibaya. Nta laini hupakwa kwa safu nyembamba kuelekea unywele unakoelekea, kisha kitambaa huvutwa upande wa pili kwa haraka, kikiwa kimelala karibu na ngozi, huku mkono mwingine umeikaza ngozi sawasawa. Anayekivuta kuelekea juu huikata nywele, huichubua ngozi na humwumiza mteja bila faida yoyote.

Ugumu wa mgongo ni kwamba nywele zake hazilali upande mmoja. Mabegani mara nyingi huelekea nje, kuzunguka uti wa mgongo huvutana kuelekea katikati, na kiunoni huweza kugeuka tena, huku mahali pengine zikifanya mzunguko. Hivyo kabla ya kugusa kijiti cha nta, pitisha kiganja juu ya mgongo mkavu, ugawe sehemu, na ujue kila sehemu itavutwa kuelekea wapi. Wanafunzi huiona hatua hii kama kupoteza muda. Mimi naiona kuwa nusu ya kazi. Kwenye bega, mteja aning'inize mkono nje ya kitanda ili ngozi inyooke, na ubavuni aupandishe mkono juu ya kichwa. Eneo moja lisipitiwe kwa nta laini zaidi ya mara mbili. Nywele chache zilizobaki ziondolewe kwa kibano. Mteja naye asianze kusugua ngozi mpaka siku tatu hivi zipite, na hata hapo asugue taratibu, mara mbili kwa wiki.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu. Nta haifanyi nywele zirudi zikiwa nene zaidi, kwa kuwa unene wa nywele za mgongoni hutawaliwa na urithi na androjeni, yaani homoni za kiume. Kwa sababu hiyohiyo haiahidi kuzimaliza milele, na nywele zinazoonekana baada ya siku chache mara nyingi ni zile ambazo wakati wa huduma zilikuwa bado hazijafika juu ya ngozi. Urefu wa milimita 6 hivi unatosha. Zikizidi sana milimita 12 zipunguzwe kwanza, kwani nywele ndefu huongeza maumivu tu.

Dhana ya kwamba joto la chungu cha nta huua vijidudu ni ya wahudumu wavivu. Joto linalovumilika juu ya ngozi ya binadamu halitakasi kitu, kwa hiyo kijiti kilichogusa mgongo hakirudi chunguni, hata kama mgongo ni wa mtu yuleyule.

Wapo pia wanaoamini kwamba maswali kuhusu dawa ni udadisi. Mteja anayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi hapakwi nta, na baada ya kuacha dawa hiyo husubiri angalau miezi 6, la sivyo tabaka la juu la ngozi linaweza kung'oka pamoja na kitambaa. Anayepaka mgongoni retinoidi, dawa za ngozi za jamii hiyohiyo, naye husitisha kwa siku kadhaa kabla ya miadi, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hupata kwanza ushauri wa daktari wake. Mahali penye baka jeusi lililoinuka huachwa bila kuguswa. Baka hilo likiwa na kingo zisizo sawa, rangi mchanganyiko au dalili za kutoka damu, mwambie mteja siku hiyohiyo alipeleke likapimwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuliona.