Kwenye kundi la barua pepe, tuma maandishi matupu

Msimu wa kahawa ukianza, makundi ya barua pepe tunayoyahudumia hapa Moshi hujaa tangu asubuhi. Makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanaulizia magunia, wahasibu wanaulizia malipo, maofisa ushirika wanakumbushia taarifa za mwezi. Barua ileile moja inamfikia mwenye kompyuta kubwa mjini, inamfikia katibu wa Rombo anayesomea kwenye simu, inamfikia na mjumbe wa Longido ambaye mtandao wake unakuja na kuondoka. Kila mmoja ana programu yake ya kusomea. Kwa hiyo tunaomba jambo moja: unapoandikia kundi, tuma maandishi matupu. Maneno peke yake, bila rangi, bila fonti za kuchagua, bila nembo wala picha ndani ya barua.

Kanuni za msingi za barua pepe, zilizotolewa mwaka 1982, zilihusu maandishi tu. Utaratibu wa kubeba picha, viambatisho na mapambo, unaoitwa MIME, ulikuja mwaka 1992. Siku hizi barua yenye mapambo huandikwa kwa HTML, lugha ileile inayotengenezea kurasa za tovuti. Wewe kwenye skrini unaona sentensi fupi ya bluu, lakini kinachosafiri ni kitu cha namna hii:

<p style="font-family:Calibri;font-size:11pt"><span style="color:#1F4E79"><b>Mkutano ni Jumamosi saa 4 asubuhi</b></span></p>

Mara nyingi programu hutuma nakala mbili ndani ya barua moja, ya maandishi matupu na ya HTML, halafu programu ya mpokeaji ndiyo inayochagua ipi ionekane. Aliyeandika hana namna ya kujua mwenzake ameonyeshwa ipi.

Kinachotusumbua kuliko yote ni rangi. Mhasibu anatuma hoja zake, katibu anazijibu humohumo ndani ya barua na juu anaweka maelezo: "Majibu yangu yako kwa rangi nyekundu." Kwake yanaonekana vizuri kabisa. Lakini makundi mengi, yanapohifadhi barua kwenye kumbukumbu au yanapokusanya za siku nzima kuwa barua moja kwa wanachama walioomba hivyo, huondoa rangi zote. Mwanachama anakutana na hiki:

Magunia yaliyopokelewa ni 40. Ni 36. Manne yamerudishwa kukaushwa. Malipo yaanze Jumatatu. Yasubiri hati ya ghala.

Nani amesema nini? Inasomeka kama mtu mmoja anayejipinga mwenyewe, na hapo pana fedha za wakulima. Mazungumzo hayohayo kwa maandishi matupu hukaa hivi:

> Magunia yaliyopokelewa ni 40.
Ni 36. Manne yamerudishwa kukaushwa.

> Malipo yaanze Jumatatu.
Yasubiri hati ya ghala.

Alama ya > inaonyesha maneno ya aliyetangulia. Programu nyingi huiweka zenyewe ukibonyeza kujibu ukiwa kwenye maandishi matupu. Kazi yako ni kushuka chini ya kila hoja, kuandika jibu lake, na kufuta yale usiyoyajibu. Hakuna simu wala kompyuta itakayoipoteza alama hiyo.

Mstari wa kukata maneno ni hatari zaidi ya rangi. Tuseme mtu anarekebisha bei: anaikata 7,200 kwa mstari, pembeni anaandika 6,900. Mapambo yakiondolewa mstari unatoweka, namba inabaki. Barua inasomeka "bei kwa kilo sh. 7,200 6,900", na bei iliyokwisha kufutwa imerudi kuwa hai. Marekebisho yaandikwe kwa maneno: "Bei kwa kilo ni sh. 6,900, si 7,200 kama nilivyoandika jana." Neno likihitaji mkazo, liwekee nyota pande zote mbili, *leo*, na kila mtu ataelewa.

Majedwali yaliyonakiliwa kutoka Excel nayo huvurugika, safu zikaingiliana. Jedwali dogo liandike mstari mmoja kwa kila chama. Kubwa liwe kiambatisho.

Tuje kwenye uzito. Nembo ya ofisi iliyowekwa chini ya saini inaweza kuwa na kilobaiti 60. Barua pepe haibebi picha ilivyo. Huigeuza kwanza kuwa herufi, na kazi hiyo huongeza uzito kwa takriban theluthi moja. Zile 60 zinakuwa 80. Watu 20 wakijibu "Nimepokea, asante" kila mmoja na nembo yake, kilobaiti 1,600 zinaingia kwenye kisanduku cha kila mwanachama, ilhali maneno yote ya watu hao 20 hayafiki kilobaiti 10. Anayelipia ni mwenye bando, na mara nyingi ndiye mwenye mtandao dhaifu kuliko wote. Tena Gmail huikata barua ambayo HTML yake inazidi takriban kilobaiti 102. Msomaji asipobofya kuifungua yote, mwisho wa barua hauoni. Mwisho wa barua ndipo tunapopenda kuweka tarehe ya mwisho ya kuleta taarifa.

Kuna na suala la usalama. HTML inaruhusu kiungo kuonyesha anwani moja na kumpeleka mtu kwenye nyingine. Unaona jina la benki yako, unabofya, unajikuta kwenye ukurasa wa tapeli uliofanana nalo. Katika maandishi matupu anwani unayoisoma ndiyo utakayofika, kwa hiyo unapata nafasi ya kuikagua herufi kwa herufi. Hilo halimalizi utapeli. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" ni maandishi matupu na umeliza wengi. Lakini mlango mmoja mpana unakuwa umefungwa. HTML inaruhusu pia kuficha kijipicha cha nukta moja, kisichoonekana, ambacho kikipakuliwa kinamjulisha mtumaji kwamba umeifungua barua, na saa uliyoifungua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kila taasisi inayoandikia wanachama wake inapaswa kujiuliza taarifa hizo inazikusanya za nini.

Tangazo lililo picha tupu, lenye nembo, mhuri na sahihi lakini bila neno hata moja la maandishi, naliona kuwa kosa kubwa. Mwenzetu asiyeona anatumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu ya Android. Barua ya maandishi inasomwa yote. Ya picha mara nyingi inamwambia tu kwamba kuna picha. Ni mwanachama mwenye haki sawa ya kujua mkutano ni lini. Hata anayeona hawezi kuitafuta barua hiyo miezi mitatu baadaye kwa kuandika neno "mkutano".

Kiswahili kina bahati: herufi zake zote zimo kwenye zile za msingi ambazo kila mashine inazielewa. Kinachotuponza ni alama ya ng'. Programu za uandishi hupenda kuipinda alama hiyo ili ipendeze, na ikifika kwenye programu iliyotafsiri herufi vibaya, ng'ombe anakuwa ngâ€™ombe. Ukinakili kutoka Word, angalia hapo kabla ya kutuma.

Namna ya kufanya ni rahisi. Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua barua mpya, bofya nukta tatu zilizo chini ya kisanduku cha kuandikia, chagua palipoandikwa Plain text mode. Outlook na Thunderbird zina chaguo hilo kwenye mipangilio ya uandishi wa barua. Programu ya Gmail ya kwenye simu haina chaguo hilo. Mwenye simu tu asiguse rangi wala fonti na aondoe picha kwenye saini, au atumie K-9 Mail au Thunderbird ya Android.

Hatusemi HTML ipigwe marufuku. Mwaliko wa mahafali au jarida la taasisi linaweza kupambwa, mradi nakala ya maandishi iliyo ndani iwe na habari yote. Kwenye kazi ya majadiliano ndipo tunaposisitiza, na hatuko peke yetu. Wahandisi wanaotengeneza kiini cha Linux, mfumo ulio ndani ya kila simu ya Android, hujadiliana kwa barua pepe hadi leo, na seva ya makundi yao huikataa barua ya HTML.

Kwa wasimamizi wa makundi: Mailman, programu ya kuendeshea makundi ya barua pepe, inaweza kuondoa HTML na picha yenyewe, na inaweza kuzuia barua inayozidi uzito mliokubaliana mpaka msimamizi aipitishe. Watangazieni wanachama kabla ya kuiwasha, wasije wakadhani barua zao zimepotea. Fomu na majedwali yawekeni kwenye folda moja ya pamoja, na kiungo chake kitumwe kizima, kikianza na https, kwenye mstari wake peke yake ili kisikatike katikati.