Tafiti za ubongo na chumvi zinazotiwa

Uongo mtupu kuhusu ubongo kwa kawaida haufiki mbali. Unaosambaa ni ule wenye utafiti halisi ndani yake: jaribio lilifanyika, matokeo yakachapishwa, kisha wasimuliaji wakatia chumvi. Na mara nyingi chumvi hiyo hutiwa pale matokeo ya mnyama yanapohamishiwa kwa binadamu.

Dhana: Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo.

Hii ni ya kipekee: imesambaa bila hata utafiti wa kusingizia. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Eneo dogo tu likikosa damu kwa kiharusi, mtu hupooza mkono au hupotewa na maneno. Hizo asilimia 90 zilizolala ziko wapi? Tuendelee.

Dhana: Mwenye ubongo mkubwa ndiye mwenye akili nyingi.

Kwa kipimo hicho tembo, mwenye ubongo wa kilo 4 hadi 5, angetuacha mbali sisi wenye kilo 1.3 hivi. Suzana Herculano-Houzel, mwanasayansi kutoka Brazil, aliacha mizani akaanza kuhesabu seli za neva. Mbinu yake inashangaza ukiisikia mara ya kwanza: ubongo husagwa pamoja na kemikali ya jamii ya sabuni mpaka uwe kimiminika, viini vya seli vinabaki vikielea, kisha sampuli ndogo hutiwa rangi na kuhesabiwa kwa hadubini. Mwaka 2009 binadamu alikutwa na seli za neva bilioni 86 hivi, siyo zile bilioni 100 ambazo vitabu vilikuwa vikinakiliana. Mwaka 2014 ikawa zamu ya tembo: bilioni 257, mara tatu yetu. Ila takriban asilimia 98 ya hizo zimejazana kwenye serebela, sehemu ya nyuma inayosaidia kuratibu mwendo. Kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, tembo ana bilioni 5.6, sisi tuna bilioni 16.

Ndege nao walidharauliwa bure. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba kasuku na kunguru wana seli za neva zilizobanana kuliko za nyani na kima. Kasuku mkubwa aina ya makao (macaw) ana ubongo mdogo mara kadhaa kuliko wa kima aina ya rhesus, lakini sehemu yake ya mbele ina seli nyingi zaidi. Nisieleweke vibaya: wingi wa seli nao si akili. Unatuondolea tu kisingizio cha mizani.

Dhana: Mtoto akipita miaka mitatu, mlango wa ubongo umefungwa.

Hapa ndipo wazazi hutiwa hofu kuliko popote, na chanzo chake ni watoto wa paka. Katika miaka ya 1960, David Hubel na Torsten Wiesel walishona kope za jicho moja la paka wachanga. Miezi michache baadaye walizifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zilizopaswa kulisikiliza zilikuwa zimehamia karibu zote kwenye jicho la pili. Paka mkubwa alipofungwa jicho kwa muda kama huo, hakupatwa na chochote. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, na ni miongoni mwa sababu za madaktari kuharakisha kumwondoa mtoto mchanga mtoto wa jicho mzito, ikiwezekana katika wiki zake za mwanzo.

Kwa hiyo dirisha lipo. Lakini ni dirisha la uwezo fulani, kama kuona kwa macho mawili, wala halipigi kufuli siku mtoto anapotimiza miaka mitatu. Nchini India, mradi wa Prakash ulioanzishwa na Pawan Sinha umewafanyia upasuaji watoto waliozaliwa vipofu na wakakaa hivyo miaka mingi. Watano kati yao, wenye umri wa miaka 8 hadi 17, walipimwa muda mfupi baada ya bandeji kuondolewa. Walipewa kitu wakipapase, kisha wakitambue kwa macho kati ya viwili. Walibahatisha tu. Lakini waliporudiwa baadaye, wengine baada ya siku chache, walikuwa wameshapiga hatua kubwa. Uwezo wao wa kuona haukufikia ule wa kawaida. Hata hivyo, ubongo uliodaiwa kufungwa ulikuwa bado unajifunza.

Dhana: Muziki na midoli mingi humzidishia mtoto akili.

Panya wa maabara ya Berkeley, Marekani, waliowekewa wenzao na vitu vya kuchezea walikuza gamba nene la ubongo kuliko waliofungiwa peke yao kwenye vizimba vitupu. Soma tena sehemu ya mwisho. Hiyo ni habari ya madhara ya upweke kuliko ya faida ya midoli ya ziada. Na ule utafiti maarufu wa mwaka 1993 kuhusu kusikiliza muziki wa Mozart? Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na faida ilidumu dakika 10 hadi 15. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja.

Dhana: Ubongo wa mtu mzima hauoti seli mpya.

Kwa ndege hili lilishavunjwa: Fernando Nottebohm alionyesha, katika miaka ya 1980, kwamba kanari waliokomaa huota seli mpya za neva katika maeneo ya wimbo. Panya nao huota. Kwa binadamu, utafiti wa mwaka 1998 ulisema ndiyo. Kisha mwaka 2018, katika muda wa wiki chache, kundi moja likasema hazionekani kabisa kwenye hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya mtu mzima, na jingine likasema zipo hadi uzeeni. Sehemu ya ubishi ni ya kimaabara hasa: protini inayotumika kuzitambua seli changa huharibika upesi baada ya kifo, kwa hiyo saa zinazopita kabla ya ubongo kuhifadhiwa zinaweza kubadili jibu.