Nyuzi dukani: kwa nini niliacha kupanga kwa rangi

Nadhani kila anayefungua kaduka ka nyuzi za kufumia anaanza na upinde wa mvua, mi nilianza hivohivo. Nyekundu zote huku, zinafuata machungwa, njano, kijani mpaka zambarau kule mwisho, ukifungua mlango tu unasema maashallah. Watu walikuwa wanapiga picha kweli, ila kununua sasa. Mtu anafuma kofia ya mtoto, anataka kijani, anakuta kijani za aina 12, moja nyembamba kama ya kudarizia, jirani yake nene kama kidole, hii sufu ile akriliki, anashika anarudisha, anasoma lebo, anauliza dada hii inatumia sindano namba ngapi, na hii je, na hii, mwisho kachoka anasema ntarudi.

Wenye maduka mnaijua hiyo ntarudi.

Siku hizi napanga kwa unene kwanza, rangi inakuja baadaye kabisa. Mfumaji akiingia kichwani ana pateni na mkononi ana sindano, na vyote viwili vinaongelea unene, rangi ataamua akishasimama mbele ya shelfu. Kazi ya kugawa wala sio ngumu maana kuna ile skeli ya unene ya Craft Yarn Council (chama cha kampuni za nyuzi cha Marekani) ya 0 mpaka 7, lebo nyingi zina kale kamchoro ka bonge la uzi kenye namba katikati. Namba 1 ni zile za soksi, 3 ndo DK (double knitting, uzi mwepesi ila mnene kuliko wa soksi), 5 tayari ni uzi wa kufuma sweta haraka haraka. Juu ya kila safu nimeandika namba kwa maandishi makubwa na chini yake saizi ya sindano: DK milimita 4 hivi, soksi 2.25 mpaka 3.25, ile namba 5 kuanzia 5.5 mpaka 8. Maswali yamepungua zaidi ya nusu, na nimepata muda wa kufuma mwenyewe kaunta (hiyo nayo inauza, mtu akiona mikono inacheza lazima asogee aulize unafuma nini).

Kingine kwenye unene ni mita. Gramu 100 za uzi wa soksi zina mita kama 400, gramu 100 hizohizo za uzi mnene ni mita 100 na kitu tu. Ukiviweka pamoja mteja anaona lile bonge limevimba anadhani ndo lina uzi mwingi, analichukua moja la kufumia skafu, linaisha skafu haijafika hata kifuani.

Ndani ya unene natenganisha sufu, pamba na akriliki, halafu ndo naweka rangi kutoka iliyokolea kidogo kwenda iliyokolea sana. Kwa hiyo upinde wa mvua bado upo, umekuwa mdogo mdogo tu.

Sasa loti, hapa naomba tuelewane vizuri. Uzi unatiwa rangi kwa mafungu na kila fungu lina namba yake kwenye lebo, kwa hiyo rangi moja, jina moja, loti mbili tofauti, ni nyuzi mbili tofauti. Nilimuuzia mama mmoja madonge sita ya kijivu cha sweta, matano loti moja na moja la loti nyingine, nimeyaweka yote kaunta nikayaangalia kwa macho yangu nikaona sawa. Akarudi na sweta limekamilika, mkono wa kushoto kuanzia kiwiko kwenda chini umekuwa kijivu cha jana. Makosa yangu kabisa, nilikuwa nimejaza shelfu kwa kumwagia mzigo mpya juu ya wa zamani. Sasa hivi mzigo ukija kwenye pakiti za madonge kumi, pakiti naiacha stoo imefungwa, nje natoa machache ya pakiti ileile, na sifungui nyingine mpaka ya kwanza iishe. Na mtu akilazimika kuchanganya loti namwambia abadilishane kila mistari miwili, donge hili kisha lile, hapo jicho halioni mpaka.

Shelfu zenyewe, mi napenda zile za maboksi ya mraba, ila zina kina kirefu mno. Unaishia na safu mbili, ya mbele inauzwa, ya nyuma inakaa mwaka mzima gizani haijaguswa na mtu, na gizani pasipoguswa ndo nondo wanapataka (sio nondo za ujenzi, wale vipepeo vidogo vya rangi ya majani makavu). Wanaotafuna ni viwavi wake, kipepeo mwenyewe hali kitu, na wanachotafuta ni keratini, ile protini ya kwenye manyoya na nywele, kwa hiyo sufu, moheri na alpaka ndo chakula, akriliki na pamba safi hawana habari nazo. Dawa yangu ni ya kijinga: nyuma ya kila boksi nimesukumia katoni tupu, shelfu inaonekana imejaa kwa madonge machache na hakuna safu ya kujificha. Mitego ya gundi yenye harufu ninayo pia, ila inanasa madume tu, kwa hiyo inakuambia wapo, haiwamalizi. Nikishuku sufu fulani inaenda kwenye mfuko wa plastiki unaobana, friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri, wiki mbili.

Dirishani usiweke uzi wa kuuza. Donge likikaa kwenye jua upande mmoja unapauka, ukiligeuza unaona kabisa mstari, na hilo hauliuzi tena. Mi naweka vitu vilivyofumwa tayari, vikipauka basi. Na taa za ndani ziwe zinaonyesha rangi ilivyo, angalia kwenye boksi la balbu CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) isipungue 90, la sivyo kila mteja atakuwa anabeba uzi mpaka mlangoni kuuangalia kwenye mwanga wa nje.

Zile nyuzi zinazokuja zimepindwa kama msokoto wa nywele, zitundike kwenye ndoano lakini usiziviringe mapema kuwa madonge, uzi ukikazwa muda mrefu unavutika. Unaviringa mtu akishalipa. Pembeni ya kila aina ninaning'iniza kipande cha sentimita 10 kwa 10 nilichofuma kwa uzi huo na saizi ya sindano imeandikwa, watu wakikibonyeza bonyeza hicho wanaacha kuyachokonoa madonge.

Madonge yaliyobaki mojamoja yote yako kwenye kikapu karibu na kaunta, loti yoyote, unene umeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Kikapu pekee ndani ya duka ambacho hakina mpango, na ndicho watu wanachokaa nacho muda mrefu kuliko shelfu zangu zote.