Mpiga obo haishiwi pumzi

Wazazi wa hapa Malindi wanaoniletea watoto kujifunza obo, ala ya kupuliza jamii ya zumari, huuliza jambo moja kabla hata hawajaketi: "Mwalimu, huyu mwembamba hivi, pumzi za kupuliza kitu hicho atazitoa wapi?" Mtoto naye ameshaamini. Anavuta hewa hadi mabega yanapanda, anapiga mistari miwili, macho yanamtoka, kisha anasema pumzi zimemwishia.

Hazijamwishia, zimemjaa! Tundu la ridi ya obo, yaani kile kijianzi cha kupulizia, ni jembamba mno, na hewa inayopita ni kidogo kuliko ya fluti au tuba. Ukijaza mapafu, sehemu kubwa ya hewa inabaki ndani, oksijeni inapungua, kabonidioksidi inazidi, na mwili unadai kupumua ilhali hakuna nafasi ya kuingiza chochote. Mwanafunzi akivuta hewa nyingine juu ya ile chakavu, hali inakuwa mbaya zaidi. Toa kwanza, ndipo uvute. Shika penseli uweke alama mbili tofauti kwenye noti zako, moja ya kutoa na moja ya kuvuta. Kituo cha kupumua kikiwa kifupi, toa tu. Utavuta kwenye kinachofuata. Kukosa penseli sikusamehi, kwa sababu asiyeandika husahau akishapanda jukwaani. Kinachotakiwa ni msukumo wa tumbo usiolegea tangu noti inapoanza hadi inapokoma, na huo hata mtoto mwembamba anao.

Wengine hunitajia wapiga zumari wa kirumbizi, ngoma ya fimbo ya kule Lamu, wanaopuliza bila kukata sauti, eti wana mapafu ya ajabu. Wanachofanya ni kuweka akiba ya hewa mashavuni na kuisukuma huku wakivuta nyingine kwa pua. Ni ufundi mkubwa, nauheshimu sana, na hata kwenye obo upo, ila si wa mwaka wa kwanza. Wala usiige mashavu yaliyovimba. Mpiga zumari huingiza ridi yote kinywani na kuegemeza midomo kwenye kisahani kilicho chini yake. Kwenye obo midomo hukunjwa juu ya meno na kuishika ridi yenyewe.

Kuna wanaosema pia: "Ridi ngumu ndiyo ya mafundi." Itakufundisha kuuma, na ukiuma sauti inapanda. Anza na laini au ya wastani, uiloweke kwa maji dakika chache.

Au: "Obo ya kweli ni ya mpingo." Mpingo ni mti mzuri, na Tanzania na Msumbiji ndiko unakovunwa kwa kazi hii. Lakini obo mpya ya mbao hupasuka joto na unyevu vikibadilika ghafla, nasi hapa tunatoka kwenye jua la ufukweni tukaingia ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi. Mwanafunzi anunue ya plastiki, mradi iwe na kitufe cha F cha mkono wa kushoto. Hata hiyo springi zake ni za chuma na upepo wa bahari una chumvi, kwa hivyo ifute na kuirudisha sandukuni kila unapomaliza.

Halafu kuna hii ya wanaoanza kupiga na wenzao: "Okestra hujipima kwa obo, basi sauti zikigongana wamekosea wao." Obo hutoa A, noti ambayo wengine hulinganishia ala zao, kwa sababu sauti yake hupenya na ni thabiti, na kwa sababu haina nafasi kubwa ya kurekebishwa kama nyingine. Hiyo A, kwa kawaida hezi 440, itoe ukiangalia programu ya kupimia sauti kwenye simu. Baada ya hapo mamlaka yako yamekwisha, tumia masikio. Do, Mi na So zikilia pamoja nawe umeshika Mi, iteremshe senti (vipimo vidogo vya sauti kwenye programu hiyo) kama 14 chini ya inavyotaka simu, la sivyo mtasikika mkisuguana. Kwenye kikundi cha shule, omba kiti karibu na anayepiga besi, umsikilize yeye kuliko unavyojisikiliza.